Wino wa Mkaguzi

Chupa ni moja. Nalisema hilo kwanza
kwa kuwa ndilo walilokataa kulisikia.
Kioo kinene, kizibo kimeng'ang'ania kama jino bovu,
lebo imeliwa na mende ikabaki herufi K,
nami sijui kama ni K ya kijani, ya kiwanda,
au ya Kishosha, baba yangu,
mkaguzi wa hesabu wa chama cha pamba.

Jumapili, Bwiru. Mvua imeondoka na umeme.
Nimesogeza meza dirishani.
Kalamu zake tatu, daftari la mistari, kitambaa.

Ya kwanza nyembamba, nibu kama sindano ya shanga.
Inakwaruza, inalalamika,
inatoa kijani cha mtama wa siku nne,
kijani chenye haya:
inamisha karatasi, kinataka kuwa maji.

Ya pili nono, zawadi ya harusi,
nibu pana iliyolalia upande kwa kuzoea mkono wake.
Hii haiandiki, inamwaga.
Kijani cha magugu maji yaliyorundikana Kirumba baada ya dhoruba,
na mwisho wa kila herufi, pale mkono ulipotua,
kidimbwi kinaiva, kinakolea
mpaka rangi ya nyongo ya sato,
ile unayopasulia samaki ukiomba isitumbuke.

Ya tatu ilisahauliwa na wino tumboni.
Maji yalikwenda zake, rangi ikabaki.
Inaandika kijani kilichokata tamaa ya kuwa kijani;
itazame kwa ubavu, inawaka wekundu
kama mgongo wa nzi wa Mwaloni.

Wajumbe walikuwa watano.
Vitabu vitatu vya hesabu, chai, maandazi.
Mmoja akasimama na kitabu mwangani:
"Kijani hiki si kile.
Hapa amesaini mkaguzi. Hapa ni nani?"
Baba akasema, wino ni uleule, kalamu ndizo mbalimbali.
Wakacheka.
Watu wa kalamu za plastiki,
zinazotoa buluu ileile tangu zinunuliwe mpaka zife,
wangejuaje?

Alirudi na boksi la viatu, hizi zikiwa ndani.
Akalima mchicha nyuma ya nyumba.
Ripoti yangu ya darasa la sita
mama aliisaini kwa dole gumba
na baba amekaa palepale, anamenya muwa.

Sasa naandika neno lake, *Imekaguliwa*,
mara tatu, kalamu tatu, chupa moja.
Likiwa bado bichi, yote yanafanana.
Hilo sikulitarajia.
Yanang'aa sawasawa, ndugu wa tumbo moja,
kisha yanakauka, na kila moja linashika njia yake.

Ningeweza kusema ziwa nalo ndivyo lilivyo,
tazama pale kwenye mawe, tazama kule mbele ya Saanane.
Baba asingependa.
Mkaguzi hataki mifano, anataka risiti.

Basi risiti hii hapa, ina tarehe.
Katika wale watano amebaki mmoja, mzee Lugwisha,
yuko Igogo kwa binti yake,
macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho.
Nitampelekea ukurasa. Kijani hatakiona.
Nitachukua kidole chake nikipitishe:
hapa palipochimbwa na sindano,
hapa palipolainika, karatasi ikavimba kidogo,
hapa palipoganda kama utando wa uji.
Aniambie yeye ni mikono mingapi.

Au asiniambie. Ana miaka tisini, huenda atauliza tu
mimi ni mtoto wa nani.

Kidole changu kimeshika rangi, sabuni imeshindwa.
Kesho sokoni mama wa nyanya atakicheka:
we Nyanzobe, umepiga kura ya nini
peke yako?